Nilivyoandika posti ya mashine ya mjomba

Najua nimepotea. Mara ya mwisho niliwaahidi makala ya pili kuhusu hifadhidata, lakini kwa miezi mitatu sasa kila Jumamosi nimekuwa nikishinda Kariobangi Light Industries, nikirudi nyumbani mikono inanuka mafuta ya mashine, na leo nataka kuwasimulia ni kwa nini. Hifadhidata zitangoja.

Mjomba wangu ana karakana pale. Amekuwa akikereza chuma tangu kabla sijazaliwa: shafti za mashine za posho, bushi za malori, puli, chochote ambacho mteja analeta kikiwa kimevunjika na kusema "nataka kama hiki." Mwaka 2023 alinunua mashine iliyokwisha kutumika Japani, ikashushwa Mombasa, ikapandishwa lori hadi Nairobi. Ni mashine ya kukereza, ile mafundi wanaiita leithi, lakini ya CNC, yaani inaendeshwa na tarakilishi yake yenyewe. Na hii ina jambo la ziada. Katika leithi ya kawaida chuma ndicho kinachozunguka na kisu kimetulia. Katika mashine ya kuchonga ni kinyume, kisu kinazunguka na chuma kimetulia. Mashine ya mjomba hufanya yote mawili. Spindeli inayozungusha chuma inaweza kuacha kuzunguka ikageuka kuwa mhimili wa C: inasimama kwenye pembe yoyote unayoitaka, digrii 60, digrii 47.5, halafu tareti, lile gurudumu linalobeba visu, linaleta kisu chenye mota yake mwenyewe, kinachonga au kutoboa. Chuma kinaingia upande mmoja kikiwa nondo, kinatoka kikiwa kitu kamili, bila kuhamishwa mashine.

Tatizo ni kwamba kwa mwaka mzima ilikuwa inakereza tu, kama leithi yoyote. Fundi mkuu wa mjomba, mzee mmoja makini asiyependa maneno mengi, alikuwa akiandika programu zake kwa mkono katika daftari la Kasuku, kisha anaziingiza kitufe kwa kitufe. Kwa shafti ya kawaida hiyo inatosha kabisa. Lakini ikaja oda ya shafti 60 za pampu, chuma kisichoshika kutu, kila moja ikiwa na kichwa cha pembesita cha milimita 24 na matundu mawili ya kuvuka. Mjomba akanipigia simu.

"Mpwa, wewe si mtu wa kompyuta?"

"Ndiyo, mjomba, lakini mimi natengeneza tovuti."

"Basi hii pia ni kompyuta. Njoo Jumamosi."

Ngoja nieleze kazi yenyewe, kwa sababu hata mimi sikuijua. Unapotumia programu ya CAM, unaleta mchoro wa kifaa, unachagua visu, na programu inakokotoa njia ambayo kila kisu kitapita. Lakini njia hiyo ni ya jumla, haijui mashine yako. Mashine inaelewa msimbo wa G tu, na msimbo wa G una lahaja. Mtu wa Lamu na mtu wa Nairobi wote wanazungumza Kiswahili, lakini mmoja akisema "ndia" na mwingine "njia", inabidi uwe umeishi pale kujua ni kitu kimoja. Kiwango cha Marekani cha msimbo huu, RS-274-D, kilipitishwa Februari 1980, na kuna cha kimataifa kiitwacho ISO 6983, lakini vyote viliwaachia watengenezaji uhuru mwingi. M3 ni kuzungusha spindeli karibu kila mahali, M8 ni kufungua maji ya kupozea, M30 ni mwisho wa programu. Lakini namba ya kugeuza spindeli kuwa mhimili wa C, ya kufunga breki yake, ya kuwasha mota ya kisu? Hapo kila mtengenezaji anajichagulia. Kipande cha programu kinachotafsiri njia ya jumla kwenda lahaja ya mashine fulani ndicho kinachoitwa posti. Bila posti sahihi, mchoro wako mzuri unabaki kwenye skrini.

Mpangilio huu ni wa zamani kuliko nilivyodhani. Lugha ya APT ya chuo cha MIT, iliyoonyeshwa kwa waandishi wa habari Februari 1959, tayari ilitenganisha maelezo ya kifaa na tafsiri ya kila mashine. Wageni siku ile walipewa zawadi ya visahani vya majivu ya sigara, vya alumini, vilivyochongwa na mashine yenyewe. Ningependa sana kuwa na kimoja, na sivuti!

Haya, turudi Kariobangi. Mjomba alilipia leseni ya Autodesk Fusion, na nilipofungua faili ya posti nikacheka kwa sauti. JavaScript! Faili inaishia na .cps lakini ndani ni JavaScript tupu, lugha inayonilipia kodi ya nyumba. Kuna kazi iitwayo onOpen inayoandika mwanzo wa programu, onSection inayoitwa kila operesheni mpya inapoanza, onLinear kwa mwendo wa mstari ulionyooka, na kadhalika. Unaanza na posti ya jumla unayopewa, kisha unaibadilisha ifae mashine yako. Nilimwambia mjomba nitamaliza kwa wikendi moja. Usicheke.

Kwanza kabisa, zile namba za M. Kitabu cha mtengenezaji kilikuja na mashine, lakini kurasa zenye jedwali la M zilikuwa za Kijapani. Fundi ndiye aliyekuwa nazo, katika daftari lake, alizozikusanya moja moja kwa kujaribu mashine ikiwa haina chuma ndani. Nikaketi naye, yeye anasoma, mimi naandika. Kuna mambo ambayo hata kitabu hakingeniambia: kwamba breki ya spindeli ya mashine hii imezeeka, kwa hiyo ukiifunga subiri nusu sekunde kabla ya kutoboa, la sivyo tundu linaanza pembeni. Nikaweka G4 X0.5 baada ya breki. Jambo la pili alilonionya ni nukta. Katika mashine hii, X50. yenye nukta ni milimita 50, na X50 bila nukta ni mikroni 50, unene wa karatasi nyembamba. Sisi waandishi wa programu tumezoea kwamba 50 na 50.0 ni ndugu. Pale hawajuani. Bahati nzuri posti ina mpangilio wa kulazimisha nukta, forceDecimal, nikauwasha na kuendelea.

Pembesita ndiyo iliyonila Jumamosi mbili. Mashine ya mjomba haina mhimili wa Y, yaani kisu hakiwezi kwenda juu na chini kando ya chuma. Kina X ya kuingia na kutoka, Z ya mbele na nyuma, na chuma chenyewe kinageuka kwa C. Ukitaka kuchonga ubapa mmoja wa pembesita, chuma lazima kigeuke polepole huku kisu kikiingia na kutoka kwa wakati mmoja. Toleo langu la kwanza lilivunja kila mstari katika hatua ndogo ndogo za X na C. Kwenye skrini lilipendeza. Lakini faili ilipita herufi 90,000, na mashine ikaikataa. Fundi akanionyesha kibandiko ndani ya mlango: kumbukumbu mita 160. Mita! Ilibidi nikae chini. Fanuc walikuwa wakipima kumbukumbu kwa urefu wa utepe wa karatasi uliotobolewa, na utepe huo hubeba herufi 10 kwa inchi moja. Fanya hesabu: mita moja ni kama herufi 394, mita 160 ni kama 63,000. Picha ya simu yako isingeingia hata kipande.

Suluhisho lilikuwa ndani ya mashine siku zote. Fanuc ina G12.1, inayoiambia mashine: mimi nitakuandikia mistari iliyonyooka kana kwamba kuna Y, wewe piga hesabu ya kugeuza C. Pembesita ya milimita 24 kwa kisu cha kipenyo cha milimita 12 ikawa mistari saba:

G1 X36. C10.392
X0. C20.785
X-36. C10.392
X-36. C-10.392
X0. C-20.785
X36. C-10.392
X36. C0.

Katikati ya kisu kinapita milimita 18 kutoka katikati ya chuma, yaani 12 za ubapa na 6 za nusu kipenyo cha kisu. Mbona basi X36? Kwa sababu kwenye leithi X huandikwa kwa kipenyo, mara mbili. Lakini C ndani ya G12.1 huandikwa kwa nusu kipenyo, haizidishwi. Katika mstari mmoja, namba mbili, vipimo viwili! Mimi nikazizidisha zote. Tulijaribu kwenye nailoni, namshukuru fundi kwa hilo, na kikatoka kitu chenye bapa mbili tu. Pande nyingine nne kisu kilipita mbali hewani. Fundi akachukua spana ya 24, ikaingia vizuri. "Inaingia," akasema. Akaitoa, akaizungusha digrii sitini, haikuingia. Akaniwekea ile nailoni mkononi na kwenda kunywa chai.

Nilirekebisha. Na hapa ndipo nilipofanya kosa ambalo ndilo hasa limenifanya niandike leo.

Baada ya kuumwa na zile mita 160, nilianza kupunguza kila kitu. Msimbo wa G una kauli zinazodumu: ukiandika G99, kwamba mwendo wa kisu uhesabiwe kwa kila mzunguko, inabaki hivyo hadi uibadilishe. Kwa hiyo kwa nini kuiandika tena kwa kila kisu? Kazini tunafundishwa tangu siku ya kwanza kutojirudia. Posti ikawa inakumbuka kilichokwisha kuandikwa na kukiacha. Mpangilio wa G50, ambao ni kikomo cha kasi ya spindeli, nikauandika mara moja tu juu kabisa: G50 S1800. Programu ikawa safi kama shairi. Fundi aliposoma karatasi niliyomchapishia alisema, "Hii ni fupi sana." Nikadhani ananisifu.

Shafti kumi na tatu za kwanza zilitoka vizuri. Kisha Jumamosi moja fundi alikuwa amesafiri kwenda mazishini, na kwenye mashine alikuwepo kijana anayejifunza, na mimi. Shafti ya kumi na nne ilikuwa imekwisha kukerezwa, kuchongwa na kutobolewa, imebaki kukatwa tu kutoka kwenye nondo, stima ikapotea. Karakana nzima kimya. Baada ya dakika arobaini hivi ikarudi. Kijana akawasha mashine, akairudisha kwenye sifuri zake, akaniuliza, "Tuanze mwanzo?"

Nikamwambia hapana, hiyo imebaki kukatwa tu, anzia kwenye kisu cha mwisho, N50. Nilijisikia mjuzi kweli kweli.

Sasa elewa kisu cha kukatia kinavyofanya kazi. Nilikuwa nimetumia G96 S120, inayoiambia mashine ilinde kasi ya uso wa chuma katika mita 120 kwa dakika. Nondo ya milimita 30 inahitaji mizunguko kama 1,270 kwa dakika kufikia hapo. Lakini kisu kinapoingia, kipenyo kilichobaki kinapungua, na mashine inaongeza mizunguko ili kufidia. Kwenye milimita 10 inataka mizunguko 3,800. Kikomo cha G50 ndicho kinachoizuia isipite 1,800. Na stima ilipopotea, mashine ilisahau kikomo. Kikomo kilikuwa juu ya programu, na sisi tulianzia chini.

Tulisikia sauti kwanza. Ilipanda, ikapanda tena, halafu sakafu ikaanza kutikisika. Nyuma ya mashine nondo ilikuwa imechomoza kama sentimita 60, kwa sababu mjomba hana kilisha-nondo na tulikuwa tumekata nondo ndefu ili kuokoa muda. Kijana akapiga kile kitufe chekundu cha dharura kabla mimi sijajua hata kinachoendelea. Kilichobaki nyuma kilikuwa kimekunjwa kama kiwiko, na njiani kilikuwa kimegonga kabati la vifaa na kulitoboa bati. Njia ya kwenda chooni inapita palepale. Hakukuwa na mtu.

Usiku ule sikulala vizuri, nikapiga hesabu. Nondo ya chuma kisichoshika kutu ya milimita 30, iliyochomoza sentimita 60 bila kushikwa, huanza kutikisika yenyewe karibu na mizunguko 3,400 kwa dakika. Ikifika hapo, kila mzunguko unaisukuma nje zaidi, na ikishaanza kupinda hairudi. Kwenye 1,800 ingekuwa mbali na kiwango hicho. Mashine ya mjomba inafika 4,000. Kwa hiyo fundi hakuichagua ile 1,800 kwa kubahatisha, ingawa sidhani kama amewahi kuandika mlingano wowote.

Alirudi Jumanne, nami nikapitia jioni baada ya kazi. Alikuwa amekwisha kusikia. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, tena mbele ya mjomba, lakini alifungua tu daftari la Kasuku na kuniambia nisome. Nilikuwa nimeliona mara nyingi. Kila kisu kinaanza na mistari ileile: tareti irudi mbali, kipimo cha kazi, G50, G97 au G96, G98 au G99, maji. Kisu cha kwanza hivyo, cha pili hivyo, cha tano hivyo. Nakiri kwamba nilipoliona mara ya kwanza nilifikiri mzee anarudia kwa sababu hajui kwamba kauli hudumu.

"Kisu kikivunjika, naanzia wapi?" akauliza.

"Pale pale kilipovunjika."

"Stima ikipotea?"

Sikujibu.

"Mimi siku nzima naanzia katikati," akasema. "Wewe uliniandikia ya kuanzia mwanzo."

Kurekebisha kulichukua nusu saa. Ndani ya onSection, kabla ya jambo lolote, posti sasa inafuta kumbukumbu yake yote kwa reset, na kuandika kila kauli upya kana kwamba hakuna kisu kilichotangulia. Baada ya kuchonga inafunga G12.1 kwa G13.1, inaachia breki, inatoa mhimili wa C na kurudisha spindeli kwenye kazi yake ya kuzunguka, hata kama kisu kinachofuata kitaiomba tena C. Nikaongeza pia ukaguzi: kama mtu ameweka G96 bila kikomo cha kasi, posti inatoa kosa na hakuna faili inayotoka. Na ile kumbukumbu niliyokuwa naionea huruma? Herufi kama 70 kwa kisu, visu vitano, jumla 350. Haifiki hata mita moja ya utepe, kati ya mita 160.

Nondo haikatwi tena ndefu. Hilo mjomba aliamua mwenyewe, kabla hajaniuliza chochote kuhusu programu: hakuna kitu kuchomoza nyuma bila bomba la kukishika, na akaagiza bomba lichomelewe kesho yake. Kijana nimemwomba radhi. Aliniambia hakuna shida, boss, lakini nimeona siku hizi nikimwambia aanzie N fulani anasoma kwanza kurasa zote mbili, kidole kikifuata mistari, huku mimi nasubiri.

Shafti 60 zimekamilika na mteja amezichukua. Fundi bado ananichapishia karatasi zangu kalamu nyekundu. Anasema G54 ya nini kila mahali wakati hatumii nyingine, na kwamba kisu kinarudi mbali mno na kupoteza sekunde, hapo nadhani ana haki. Wiki iliyopita nilimkuta amenakili ile mistari saba ya pembesita katika daftari lake, kwa mwandiko wake wa kulala, na juu yake, kabla ya G12.1, ameandika G50 S1800, ingawa hapo spindeli haizunguki. Sikumwuliza.